Rongai si Thika

Je, viunga vya Nairobi vinaweza kusimama kama majiji kamili bila Nairobi? Sheria ya Kenya inadai wakazi 250,000 ili mji upewe hadhi ya jiji, lakini kuhesabu vichwa si kupima uwezo. Thika inao: ina viwanda, ina reli, mashamba makubwa ya mananasi yako jirani, na mkazi wake anaweza kuajiriwa hapo hapo. Ongata Rongai ni habari nyingine. Alfajiri matatu hujaa abiria wanaowahi kazi Nairobi, na mchana maboza hupeleka maji kwenye nyumba za kupanga. Nairobi ikiondolewa, kodi ya nyumba hizo italipwa kwa mshahara upi?

Wapo watakaosema hata Nairobi ni tegemezi, maana maji yake mengi hutoka bwawa la Ndakaini, kaunti ya Murang'a. Ni kweli, na ndiyo maana sitetei kujitenga. Ila kutegemeana kunataka kila upande uwe na cha kutoa. Kaunti ya Kajiado, inayotoza ada za vibali vya ujenzi Rongai, itenge ardhi ya viwanda na kulaza mabomba kabla ya kuidhinisha ghorofa nyingine.