Paa Letu, Jua Letu, na Kibali cha Nani?

(Mhadhara uliotolewa mbele ya wanaharakati na washiriki wa makanisa)



Mlipotualika kuzungumzia umeme wa jua, baadhi yenu waliuliza kwa haki: mawakili wana nini na mabati? Na harakati za katiba zahusianaje na paneli za sola? Jibu letu ni kwamba yeyote kati yenu atakayepandisha paneli juu ya paa lake atakutana, mapema au baadaye, na mtu amesimama langoni akiuliza, "Kibali kiko wapi?" Swali hilo si baya lenyewe. Lakini nani ana mamlaka ya kuliuliza? Analiuliza kwa sheria gani? Anadai ada kiasi gani? Na akikataa, analazimika kusema nini? Hapo ndipo mabati yanapokutana na katiba.

Tuanze na kisa kimoja. Si muda mrefu uliopita, zahanati ya parokia moja iliweka paneli kumi na mbili juu ya paa lake ili jokofu la dawa lisizimike kila umeme unapopotea. Siku ya tatu akaja afisa akiwa na kopo la rangi nyekundu, akachora alama ya X ukutani na kuamuru kazi isimame. Alisema hapana kibali cha ujenzi. Alipoulizwa ada ni kiasi gani, kiasi alichokitaja asubuhi hakikuwa kile alichokitaja jioni. Alipoulizwa sheria, alijibu kwamba sheria iko ofisini.

Wenzetu wenye umri wetu na zaidi wanaijua sauti hiyo. Ni sauti ya zama ambazo mkutano wa watu wachache ulihitaji leseni ya Mkuu wa Wilaya, naye angeweza kuikataa au kuifuta bila kueleza lolote la maana. Kufutwa kwa kifungu cha 2A mwezi Desemba 1991 kuliruhusu vyama vingi, lakini vyama hivyo havikuwa na mahali pa kusimama kuhutubia bila ruhusa ya afisa. Ndiyo sababu mageuzi ya mwaka 1997 yalikuwa na uzito. Sheria ya Usalama wa Umma, Sura ya 56, ilibadilishwa, na anayetaka kuitisha mkutano akaacha kuomba leseni, akawa anatoa taarifa kwa kituo cha polisi siku zisizopungua tatu na zisizozidi kumi na nne kabla. Mabadiliko hayo yalikuwa ya maneno machache tu, lakini yaligeuza uhusiano wa raia na serikali. Anayeomba ruhusa anaweza kunyimwa kwa kimya. Anayetoa taarifa anaendelea na shughuli yake, na anayetaka kumzuia ndiye anayelazimika kujieleza.

Shabaha yetu leo ni kudai kwamba paa dogo la mwananchi litendewe kama ulivyotendewa mkutano wa mwananchi.

Tutazame sheria yenyewe. Ibara ya 40 ya Katiba ya mwaka 2010 inalinda haki ya kumiliki mali. Ibara ya 66 inaipa serikali uwezo wa kudhibiti matumizi ya ardhi kwa sababu zilizotajwa, zikiwemo usalama wa umma, afya ya umma na mipango ya matumizi ya ardhi. Kwa hivyo asijitokeze mtu kutuambia kwamba mwenye paa ana uhuru usio na mipaka. Wala asijitokeze afisa kutuambia kwamba mipaka hiyo ni chochote atakachokifikiria yeye. Ibara ya 47 inataka uamuzi wa ofisi ya umma uwe wa haraka, wa kisheria, wa busara na wa haki, na anayeathiriwa apewe sababu kwa maandishi. Ibara ya 210 inasema kodi au ada ya leseni haitozwi ila kwa mujibu wa sheria iliyotungwa. Ada inayobadilika kati ya asubuhi na jioni haina sheria nyuma yake. Ina jina jingine, nanyi mnalijua.

Taabu ni kwamba paa hilo moja lina mabwana wawili. Ukisoma Jedwali la Nne la Katiba, utakuta udhibiti wa kawi na usambazaji wa umeme umetajwa katika orodha ya kazi za serikali ya kitaifa, kisha ukatajwa tena, takriban kwa maneno yale yale, katika orodha ya kazi za kaunti. Juu ya hayo kaunti ina mamlaka ya mipango na ujenzi. Je, kufunga paneli juu ya mabati yaliyokwisha kujengwa ni ujenzi mpya? Kaunti moja ikisema ndiyo, jirani yake ikanyamaza, mwananchi anabaki katikati. Wahenga walisema wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi.

Hata hivyo zipo ngao ambazo wengi wetu hatuzitumii. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inasema kwamba aliyeomba idhini asipopata jibu la maandishi katika muda wa siku 60, idhini huhesabiwa kuwa imetolewa. Kimya cha afisa si tena pingu. Lakini ngao hii ni ya yule tu anayeweza kuthibitisha siku aliyowasilisha ombi lake. Basi msiache karatasi juu ya meza ya ofisi yoyote bila nakala yenu kugongwa muhuri wenye tarehe.

Sasa turudi zahanatini, kwa sababu kisa hicho hakikutupa heshima upande wote. Tuliandika barua yenye maswali matatu: sheria ipi, ada ipi, sababu ipi. Jibu la maandishi lilikuja. Ada ile haikupatikana katika sheria yoyote ya fedha ya kaunti, na dai lake likaondolewa. Lakini barua hiyo iliuliza nasi swali moja: leseni ya fundi iko wapi? Haikuwapo. Fundi alikuwa kijana wa parokia, mwenye mikono hodari na moyo wa kujitolea, lakini bila leseni, ilhali Kanuni za Umeme wa Jua za mwaka 2012 ziliweka sharti kwamba kazi hiyo ifanywe na mwenye leseni. Fundi mwenye leseni alipopanda darini alikuta nyaya zimelazwa juu ya mbao kavu bila kinga. Tuliona haya. Paneli zilikaa wiki tatu bila kuunganishwa, na dawa zikahifadhiwa kwa jenereta iliyokopwa. Tulikuwa tumeshinda hoja dhidi ya afisa, huku moto ukitungojea darini.

Tunayasema haya ili mtu yeyote asitoke hapa akidhani mageuzi maana yake ni kukosa kanuni. Paneli zikishapigwa na jua huzalisha umeme hata ukizima swichi kuu ya nyumba. Paneli zisizofungwa sawasawa hung'olewa na upepo pamoja na mabati yake. Na nyumba iliyounganishwa na nyaya za barabarani bila kifaa cha kujikata yenyewe inaweza kurudisha umeme kwenye waya ambao fundi wa Kenya Power ameushika akiamini umezimwa. Fundi huyo pia ana haki ya kurudi kwa watoto wake. Vivyo hivyo Mji wa Kale wa Lamu, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, una sababu ya kuuliza paneli zitawekwa upande gani wa paa. Hizi ni sababu zinazoweza kuandikwa, kusomwa na kujibiwa. Tunachokikataa ni kile kisichoweza kuandikwa.

Kuna na jambo la haki iliyotolewa kwa mkono mmoja ikazuiwa kwa mwingine. Sheria ya Kawi ya mwaka 2019, katika kifungu cha 162, ilisema mteja mwenye mtambo usiozidi megawati moja anaweza kuomba mkataba ambapo mita huhesabu umeme anaouchukua na ule anaourudisha. Wananchi wakafurahi. Kanuni za kuitekeleza zilikuja mwaka 2024, miaka mitano baadaye, na zikaweka kwamba anayerudisha umeme ahesabiwe nusu ya kile alichorudisha. Kampuni ya umeme inayo hoja yake: nguzo, nyaya na transfoma vina gharama, na si haki mwenye nyumba ya mabanda abebe gharama alizokwepa mwenye jumba la kifahari. Hoja hiyo tunaiheshimu na ijadiliwe hadharani. Lakini sheria iliyopitishwa na Bunge na kukaa miaka mitano bila kanuni ni ahadi iliyofungiwa kabatini.

Wako pia wasio na paa. Mpangaji wa chumba hawezi kupanda juu ya paa la mwingine. Na mwenye nyumba ndani ya ghorofa, chini ya Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2020, analikuta paa ni mali ya pamoja, na mkutano wa wenye nyumba wenye wivu au uvivu unaweza kumzuia milele. Na mwenye paa lake naye anaweza kuamka akute jirani amepandisha ghorofa sita upande wa mashariki. Sheria yetu ya Ukomo wa Mashtaka inatambua haki ya mwangaza iliyotumiwa na jengo kwa amani kwa miaka ishirini. Lakini ilifikiria madirisha, haikufikiria paneli, na paneli za juzi hazina miaka ishirini.

Wengine wamekwisha kulitafakari hili. Jimbo la California liliamua mwaka 1978 kwamba masharti ya kibinafsi yanayozuia sola isivyo na busara ni batili, na baadaye likawalazimisha maafisa wa miji waandike athari mahsusi kwa afya au usalama kabla ya kukataa. Ujerumani mwaka 2024 iliwapa wapangaji na wenye nyumba za ghorofani nguvu ya kisheria ya kudai idhini ya kuweka paneli ndogo barazani. Hatuwaigi kwa kuwa ni matajiri. Tunachukua kanuni moja tu, nayo ni kwamba mzigo wa kueleza uwe juu ya anayekataza.

Kwa hivyo tunapendekeza mambo matatu kwa kila bunge la kaunti. Kwanza, mfumo mdogo wa nyumba, duka, shule au kanisa uwekwe kwa taarifa, ikiambatana na cheti cha fundi mwenye leseni, wala usihitaji kibali. Pili, ada yoyote iandikwe katika sheria ya fedha ya kaunti na kubandikwa mlangoni pa ofisi. Tatu, anayekataa akatae kwa maandishi, kwa sababu ya usalama, mazingira au urithi, na aonyeshe mahali pa kukata rufaa.

Nanyi, ndugu wapendwa, mna kazi. Mswada wa fedha wa kaunti huletwa kila mwaka mbele ya wananchi watoe maoni. Ukumbi huwa na viti vitupu, nasi baadaye tunalalamika. Mwaka huu jazeni viti hivyo. Na kabla ya kwenda kuikagua serikali, kagueni mapaa yenu wenyewe: ya kanisa, ya shule, ya zahanati. Ulizeni fundi wenu leseni. Mwenye mikono safi huuliza maswali kwa sauti kubwa zaidi.

Katikati ya miaka ya 1980, shule ya upili ya Karamugi, eneo la Meru, ilikuwa miongoni mwa shule za kwanza kuwashiwa taa za jua katika nchi hii, kwa juhudi za mhandisi Mmarekani Harold Burris na mwalimu Mark Hankins. Watoto walisoma usiku. Miaka arobaini imepita tangu hapo, nasi bado tunabishana langoni na mwenye kopo la rangi. Alama ile nyekundu ukutani mwa zahanati ingali inaonekana, kwani parokia imekataa kuifuta mpaka kaunti ije iifute yenyewe. Tunadhani wamefanya vyema.