Mlango na Uwanja: Lugha ya Mapato ya Maonyesho, kutoka Broadway hadi Ikolo



Kila wiki, baada ya maonyesho ya Jumapili kumalizika jijini New York, chama cha wamiliki wa kumbi na watayarishaji wa maonyesho, Broadway League, hutangaza hesabu za juma zima. Jina la kila onyesho huambatana na mapato yake ghafi, idadi ya watazamaji, wastani wa bei ya tiketi, na asilimia ya viti vilivyojaa. Kwa kawaida onyesho moja huchezwa mara nane kwa juma. Ukumbi wenye viti 1,600, kwa hiyo, una viti 12,800 vya kuuza kila wiki, na kiti kisichouzwa Jumanne usiku hakiwezi kuuzwa Jumatano asubuhi. London, yenye kumbi nyingi na mashuhuri, haina desturi hiyo: chama cha kumbi za huko hutoa jumla za mwaka, na hesabu ya onyesho mojamoja hubaki kwa wenyewe.

Yafaa kueleza mapema kwamba hesabu hizo hazitolewi kwa ajili ya majivuno tu. Mwandishi wa tamthilia, mtunzi wa muziki na mwelekezi wa onyesho hulipwa kwa kukadiria fungu katika mapato ya juma. Aidha, mikataba mingi ya ukodishaji wa kumbi humpa mwenye ukumbi haki ya kulitoa onyesho ikiwa mapato yatashuka chini ya kiwango kilichokubaliwa kwa majuma mawili mfululizo. Takwimu ya wiki, basi, ni mshahara wa mtu na ni hati ya kumwondoa mtu.

Mhadhara huu unahusu maneno ambayo Kiswahili kinayo kwa jambo hilo, na ambayo hakina. Umechukua kama kituo chake kata ya Ikolo, wilayani Kyela, mkoani Mbeya, katika uwanda wa mpunga, migomba na kakao ulio kaskazini mwa Ziwa Nyasa. Ikolo haina Broadway. Lakini ngoma ipo, watazamaji wapo, na suala la nani alipwe nini lipo vilevile.

Kiswahili juu ya jukwaa la wengine

Kabla ya kufika Ikolo kuna jambo la kustaajabisha la kupitia. Mojawapo ya maonyesho yaliyoingiza fedha nyingi kupita yote katika historia ya Broadway lina majina ya Kiswahili. The Lion King lilifunguliwa Broadway Novemba 1997 katika ukumbi wa New Amsterdam, likahamia ukumbi wa Minskoff mwaka 2006, na mwaka 2013 likawa onyesho la kwanza la Broadway kuvuka dola bilioni moja za mapato. Kumbi zilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya UVIKO-19, na onyesho hilo likarejea jukwaani Septemba 2021.

Mhusika mkuu ni Simba. Mganga wake ni Rafiki. Ngiri anaitwa Pumbaa, jina lililotokana na kitenzi cha kuduwaa na kupotewa na akili, ambalo mzazi yeyote Mswahili angelikataa kwa mwanawe. Fisi mmoja ni Shenzi, na hapo mtu mwenye kuijua historia ya neno hilo katika pwani na bara ana haki ya kukunja uso. Ni kweli pia kwamba Kiswahili hakiko peke yake katika onyesho hilo: wimbo wa ufunguzi umeanza kwa Kizulu, na sauti za kwaya zake nyingi ni za Afrika Kusini.

Kuhusu «hakuna matata», wasemaji wa Kiswahili wa Tanzania bara husema zaidi «hakuna shida», «hamna tabu» au «hamna neno». Usemi wa matata ulistawi katika mazungumzo na watalii, na bendi ya Them Mushrooms ya Kenya iliutia katika wimbo wake wa Jambo Bwana mwaka 1982, miaka kumi na miwili kabla ya filamu ya Disney. Kampuni hiyo iliomba kuusajili kuwa alama ya biashara kwa ajili ya mavazi mwaka 1994, na usajili ukapatikana mwaka 2003. Mwaka 2018 zilikusanywa saini nyingi za kuupinga. Wapo waliodhani kuwa wasemaji wamekatazwa kulitamka neno lao wenyewe. Sheria ya alama za biashara haina nguvu hiyo. Hata hivyo malalamiko yalikuwa na kiini cha haki. Watu waliona kwamba mali isiyokuwa na mlango imewekewa mlango, na ufunguo uko kwa mwingine.

Shina moja, maneno matatu

Kiswahili sanifu hakina istilahi moja thabiti kwa kile kinachohesabiwa Broadway. Husemwa «mauzo ya tiketi», «makusanyo», na, lililoenea kuliko yote, «mapato ya mlangoni». Hili la mwisho ndilo bora, kwa sababu linaingia katika familia ya maneno iliyokwisha kujengeka.

Shina lake ni kitenzi ingia. Mtazamaji huingia. Kwa kauli ya kutendea hupatikana ingilia, na kutokana nayo, kwa kiambishi ki- mwanzoni na -o mwishoni, huzaliwa kiingilio, yaani kitu cha kuingilia. Kwa kauli ya kutendesha hupatikana ingiza, na hapo maana hugeuka kwa namna ya kuvutia: mtu anaingia, lakini onyesho linaingiza, na kinachoingizwa ni fedha. «Mechi imeingiza milioni kadhaa.» Mtazamaji na shilingi yake wamepita katika mlango mmoja na katika shina moja la neno. Kinyakyusa cha Kyela kina ukwingila, ndugu wa damu wa kuingia.

Kiingilio hakikuanzia kwenye burudani. Hadi leo anayejiunga na chama cha ushirika hulipa kiingilio kabla ya kununua hisa. Katika matumizi hayo malipo humfanya mtu kuwa mwenzi: akishalipa, ni wa ndani, ana sauti na ana wajibu. Katika ukumbi wa muziki malipo yaleyale humpa mtu haki ya saa chache tu, kisha hutoka akiwa mgeni kama alivyoingia. Neno ni moja, mahusiano ni mawili, na tofauti hiyo ndiyo itakayosumbua huko mbele.

Ni uwanja mmoja tu wa burudani ambao umewafundisha wasomaji wa Kiswahili kusoma hesabu za mlangoni, nao ni soka. Magazeti ya Tanzania yamezoea kuchapisha taarifa baada ya mechi kubwa, hasa ya Simba na Yanga: watazamaji wangapi, shilingi ngapi, kodi kiasi gani, gharama za uwanja kiasi gani, na mgawo wa kila klabu. Mtu asiyeweza kueleza asilimia mtihani wa darasa la saba aliweza kuieleza taarifa hiyo kijiweni bila kukosea.

Sanaa za jukwaani hazikupata bahati hiyo. Katika miaka ya 1990 Dar es Salaam ilishuhudia mashindano makali ya vikundi viwili, Muungano Cultural Troupe cha Norbert Chenga na Tanzania One Theatre kilichoanzishwa mwaka 1992 chini ya John Komba. Usiku mmoja ulikuwa na ngoma, sarakasi, vichekesho, maigizo na taarabu, na wapenzi walilipa kiingilio kwenda kusikia mipasho kati ya Khadija Kopa na Nasma Khamis. Majina ya washindani yalijulikana mitaa yote. Mapato yao ya wiki hayakuwa yakitangazwa kama ya soka, na ndiyo maana historia ya uchumi wa vikundi hivyo ni ngumu kuandikwa hata leo.

Fedha zinazotoka

Katika taarabu, hata hivyo, kiingilio ni nusu ya hesabu. Nusu ya pili ni kutunza. Mpenzi huinuka, hucheza hadi mbele, humpa mwimbaji noti, naye hutazamwa na ukumbi mzima. Kamusi huonyesha maumbo mawili, tunza na tuza, na nomino tunzo na tuzo. Katika matumizi ya sasa tuzo limeelekea kwenye zawadi rasmi za sherehe, ilhali tunza linazidi kuvutwa na maana ya kuhifadhi na kulea. Kuvutana huko si kwa bahati mbaya kabisa, maana anayemtunza mwimbaji anamtunza kweli. Lakini noti ya kutunza haipiti mlangoni. Haina tiketi wala kishina cha tiketi. Mhasibu wa Broadway asingejua aiandike wapi.

Ukirudi nyuma zaidi, mambo hupinduka kabisa. Vyama vya beni vilivyotapakaa Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Marini na Arinoti, alivyovichunguza Terence Ranger katika kitabu chake cha mwaka 1975, vilishindana kwa sare, kwa karamu na kwa fahari. Aliyeshinda hakuwa aliyekusanya zaidi. Alikuwa aliyetumia zaidi. Kama kungekuwa na orodha ya kila wiki, ingepaswa kuandika fedha zilizotoka.

Kutoka pwani beni ilisafiri na askari na wapagazi hadi Ziwa Nyasa. Upande wa Malawi uzao wake ni malipenga na mganda, wenye mistari ya wachezaji, magwaride na vyeo vya kijeshi. Upande wa Kyela ngoma za ing'oma na ipenenga zinapigwa katika mazingira yaleyale ya ziwa, ambako watu, nyimbo na ala zimevuka Mto Songwe bila kuomba ruhusa kwa wachora mipaka.

Uwanja usio na mlango

Hapa ndipo Ikolo inapoleta swali lake. Ngoma ya kijijini huchezwa uwanjani, na uwanja hauna mlango. Asiye na mlango hana kiingilio, asiye na kiingilio hana mapato ya mlangoni. Je, hana hesabu?

Monica Wilson, aliyefanya utafiti Unyakyusa katika miaka ya 1930 pamoja na mumewe Godfrey, alilifanya neno ukwangala kuwa kiini cha kitabu chake cha mwaka 1951: raha na wajibu wa kukaa pamoja na wenzio, kuzungumza, kula na kustarehe. Godfrey Wilson naye alieleza, katika makala ya mwaka 1939, jinsi ngoma ilivyochezwa msibani. Aliyekwenda kucheza katika msiba wa jirani alihesabiwa, na asiyekwenda alihesabiwa kwa umakini zaidi. Hesabu ilikuwapo, tena kali. Kilichohesabiwa kilikuwa mahudhurio, na deni lake lililipwa kwa mahudhurio. Kiingilio cha Ikolo, kwa maana hiyo, kiko karibu zaidi na cha ushirika kuliko cha ukumbi wa muziki.

Tatizo la leo ni kwamba ngoma haibaki uwanjani. Kikundi huitwa kupokea kiongozi, kutumbuiza katika sherehe za kitaifa, kurekodiwa. Kinachotolewa huitwa posho, nauli au asante. Maneno haya yachunguzwe vizuri. Posho humpa mtu chakula cha siku. Nauli humrudisha kwao. Asante hufunga mazungumzo. Hakuna hata moja linalodai kwamba kuna pato lililopatikana na kwamba mchezaji ana fungu ndani yake. Anayelipwa asante hawezi kuuliza asilimia ya asante. Huo ndio upungufu wa istilahi unaomgusa mtu mfukoni, na ni upungufu ambao kamusi peke yake haitauziba.

Isidhaniwe kwamba mkulima wa Kyela hajui takwimu za wiki. Anazijua kuliko wasanii wengi wa mjini. Kakao ya wilaya hiyo imekuwa ikiuzwa kupitia vyama vya msingi vya ushirika na mfumo wa stakabadhi ghalani, na bei hupatikana katika minada ya hadhara ambayo msimuni hufuatana wiki kwa wiki. Mkulima husikia kilo imeuzwaje, makato ni yapi, na kilichobaki ni kiasi gani. Huweza kulalamika, na hulalamika, kwa sababu tarakimu iko hadharani. Jioni hiyohiyo anaweza kupiga ngoma mbele ya mamia ya watu bila kuwa na neno la kuulizia thamani yake.

Wapo wanaosema kwamba dawa ni kuuzungushia uwanja ua na kukata tiketi. Hoja hiyo ina udhaifu. Tamasha la Sauti za Busara, lililoanza Zanzibar mwaka 2004, linakata tiketi na linatoza bei tofauti kwa wenyeji na wageni. Na bado mwaka 2016 halikufanyika kwa kukosa fedha za wafadhili. Mlango mzuri haukutosha. Na Ikolo ua ungeigeuza ngoma ya msiba kuwa biashara ambayo hakuna jirani angeihudhuria.

Njia iliyo karibu zaidi ni daftari. Katibu wa kikundi aandike tarehe, mahali, aliyewaalika, waliohudhuria kwa makadirio, kilichopokelewa, na aliyerekodi. Kwa kilichopokelewa ziwepo safu tatu, kwa kuwa Kiswahili tayari kina vitenzi vitatu: kilichoingizwa, ikiwa palikuwa na mlango, kilichotunzwa, kilichotoka mkononi mwa mtazamaji, na kilichotumika, kuanzia ngozi ya ngoma hadi chakula cha wageni. Posho iandikwe chini ya safu ya kwanza, pamoja na jina la ofisi iliyoitoa, hata kama ofisi hiyo iliiita asante.