Kijiti cha Pamba na Kifua cha Mtoto

Maelezo ya Afisa Habari wa Halmashauri katika mkutano wa wananchi wa kata



Nimesimama kwa sababu ya lalamiko lililotufikia: kwamba watoto wenye kikohozi huingizwa vijiti vya pamba puani, kisha majibu hayarudi kwa wazazi. Lalamiko hilo ni la haki.

Kijiti kile hutafuta virusi, hasa vile viitwavyo RSV. Kwa mtu mzima huonekana kama mafua tu, lakini huweza kuziba vijia vya hewa vya mtoto mchanga, hususan aliye chini ya miezi 6. Ute hutiwa katika kichupa chenye maji maalumu, hupelekwa maabara ndani ya kisanduku cha baridi, na huko hupimwa kwa PCR. Safari hiyo huchukua siku kadhaa. Niseme wazi: kwa kawaida majibu hayo hayabadilishi matibabu ya siku ile. Mtoto hutibiwa kwa dalili zake.

Faida imo katika hesabu. Watoto 20 wakipimwa na 2 wakakutwa na kirusi, kisha wiki chache baadaye wakakutwa 9 kati ya 20, tutajua kuwa wimbi limeingia, na oksijeni itaandaliwa mapema. Wazazi wengi wakikataa, wakabaki kupimwa mahututi pekee, hesabu hiyo hutudanganya.

Majirani zetu wa Kilifi, Kenya, wamefuatilia RSV hospitalini tangu 2002. Baadaye waliingia hata majumbani, wakapima familia nzima mara kwa mara, wakabaini kwamba anayemletea mtoto mchanga kirusi mara nyingi ni kaka au dada yake anayesoma shule. Nami, miaka yote, nilikuwa nikiulaumu upepo!

Basi mwanafunzi mwenye mafua anawe mikono kwa sabuni, na asimbusu mdogo wake. Antibaiotiki za dukani haziui virusi. Mtoto anayepumua haraka, anayebonyea kifua avutapo hewa, au anayeshindwa kunyonya, aletwe kituoni hata usiku wa manane.

Kuhusu majibu, tumekubaliana na Mganga Mkuu wa Wilaya kwamba hesabu ya kila mwezi ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa zahanati. Mzazi anayo haki ya kuuliza kabla ya kijiti kuingizwa, na hata ya kukataa. Mtoto wake atatibiwa vilevile.