Uso, Taya na Ubongo
(Mazungumzo mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)

Nimeombwa niseme machache juu ya elimu na afya. Nimechagua uso na taya, na jinsi ubongo unavyovitawala.

Ubongo umefunikwa na gamba jembamba la kijivu, unene wake milimita 2 hadi 4 hivi. Katika gamba hilo mna kanda mbili zilizopakana, zinazoshuka kutoka utosini kuelekea sikioni. Ya mbele huamuru misuli. Ya nyuma hupokea habari za mguso. Upande wa kushoto wa ubongo hutawala upande wa kulia wa mwili, na wa kulia hutawala wa kushoto.

Mwaka 1937 madaktari Wilder Penfield na Edwin Boldrey, wa Montreal nchini Kanada, walitangaza walichokiona kwa wagonjwa waliopasuliwa kichwa wakiwa macho, maana ubongo wenyewe hausikii maumivu. Waligusa gamba kwa umeme hafifu. Wakigusa hapa, kidole hucheza. Wakigusa pale, mgonjwa husema ulimi una ganzi. Ikaonekana kwamba midomo, ulimi na mikono vimepewa eneo kubwa kuliko mgongo mzima. Mgongo ni mpana, lakini hausemi wala haushiki kalamu.

Taya nayo ina mahali pake katika gamba hilo. Gamba huweza kuanzisha kutafuna, lakini mwendo wenyewe wa kupanda na kushuka huendeshwa na shina la ubongo. Ndiyo maana twaweza kula huku tukiwaza mengine.

Sasa nifikie jambo lenyewe. Misuli ya kutafuna na ya paji la uso hupokea amri kutoka pande zote mbili za ubongo. Misuli ya mdomo hutegemea zaidi upande mmoja, ule ulio mkabala nayo. Kwa hiyo mshipa wa damu ukiziba au kupasuka upande mmoja wa ubongo, mdomo waweza kupinda ghafla huku paji likikunjika kama kawaida. Hicho ni kiharusi. Paji nalo likilegea na jicho lisifumbe, mara nyingi iliyodhurika ni neva ya uso. Lakini kutofautisha hayo ni kazi ya daktari; wote wawili wapelekwe hospitali.

Mara nyingi husemwa, "Kapigwa na upepo," akafukizwa siku mbili ndani. Ndugu zangu, dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili kuanza, baada ya picha ya kichwa kuthibitisha kwamba hakuna damu iliyovuja. Si kila hospitali inayo, na hata iliyo nayo mara nyingi haiwezi kumpa aliyechelewa.

Vijana, mkimtilia shaka mzee, mwambieni atabasamu, ainue mikono yote miwili, aseme sentensi moja. Kimoja kikimshinda, tazameni saa, tafuteni gari. Nasi wenye umri tukapime shinikizo la damu, kwani ndilo chanzo kikubwa cha kiharusi, na hukaa miaka mwilini bila kuuma.