Tetemeko Haliui, Nyumba Ndiyo Iuayo
(Hotuba kwa wenye nyumba, mafundi wa ujenzi na wakuu wa shule)

Wazee wa pwani walikuwa na hadithi ya kwamba dunia imewekwa juu ya pembe ya ng'ombe, na ng'ombe huyo akichoka huihamisha kutoka pembe moja hadi ya pili, ndipo nchi itetemekapo. Wataalamu wa elimu ya miamba wana maelezo mengine, lakini katika jambo moja wanapatana na wazee hao: ardhi tuikanyagayo si kitu kisichotikisika.

Bonde la Ufa, ambalo lapita nchi ya Kenya kutoka Ziwa Turkana mpaka Magadi, ni mahali ambapo bara la Afrika linapasuka polepole. Upande wa mashariki wavutwa mbali na upande wa magharibi kwa milimita chache tu kila mwaka. Mwendo huo ni mdogo kuliko ule wa kucha za mtu zikikua. Lakini miamba iliyo chini haitelezi kwa ulaini. Hushikana, hukazana kwa miaka mingi, kisha ghafula huachana, kama ufito uliopindwa mpaka ukavunjika. Mshindo wa kuachana huko ndio tetemeko la ardhi.

Jambo hili limekwisha kutokea Kenya. Usiku wa tarehe 6 Januari 1928 tetemeko lenye kipimo cha 6.9 lilitikisa Subukia, kaskazini ya Nakuru. Ardhi ilipasuka kwa urefu wa kilometa 38 hivi, na mahali pengine upande mmja wa ufa ulishuka kwa kadiri ya meta mbili. Wakati huo sehemu zile zilikuwa na mashamba makubwa na nyumba chache zilizotengana. Leo mambo ni mengine. Nakuru ulipewa cheo cha jiji mwaka wa 2021, na vijiji, masoko na shule vimejaa kando ya bonde.

Nchi jirani nazo zina mafunzo yake. Alfajiri ya tarehe 20 Machi 1966 tetemeko liliipiga nchi ya Toro, magharibi ya Uganda, watu wakiwa bado wamelala, na zaidi ya watu 150 wakafa. Tarehe 10 Septemba 2016 ilikuwa zamu ya Bukoba, katika Tanzania. Kipimo chake kilikuwa 5.9, na nguvu yake haikufika hata sehemu moja katika ishirini ya nguvu ya lile la Subukia. Hata hivyo watu wasiopungua 17 walipoteza maisha, mamia wakajeruhiwa, na maelfu ya nyumba zikabomoka au kupasuka. Lilitokea siku ya Jumamosi, saa tisa na nusu hivi alasiri. Kama lingalitokea usiku wa manane, au saa za masomo, huenda msiba ungalikuwa mkubwa zaidi.

Kwa nini tetemeko dogo lilete msiba mkubwa hivyo? Jibu limo katika kuta. Nyumba nyingi zilizoanguka zilikuwa za matofali yaliyounganishwa kwa udongo, bila chuma cha kuzifunga. Nyumba ya namna hii yaweza kubeba paa miaka hamsini, maana uzito wa paa husukuma chini. Lakini tetemeko husukuma kwa ubavu. Kuta huachana kwenye pembe, kila ukuta husimama peke yake, kisha huanguka. Nyumba ya fito iliyokandikwa udongo, yenye paa jepesi, huenda ikapasuka na kumwaga udongo, lakini mara nyingi fito zake huishikilia mpaka watu watoke.

Hapa ndipo penye hatari isiyoonekana. Mtu ahamapo kutoka nyumba ya fito kwenda nyumba ya mawe au matofali, hudhani amepata usalama. Amepata kweli, kama nyumba imefungwa vema. Kama haikufungwa, amehamisha watoto wake kutoka chini ya kitu chepesi akawalaza chini ya kitu kizito.

Yafaa basi kila mwenye kujenga ayaangalie mambo machache. Msingi uwekwe juu ya ardhi ngumu, si juu ya udongo wa kujaziwa, wala ukingoni mwa mteremko mkali. Mawe na matofali yaunganishwe kwa saruji, na pembe za kuta zifumwe pamoja. Juu ya milango na madirisha upite mkanda wa zege wenye nondo, uizunguke nyumba yote bila kukatika, kama mshipi umfungavyo mtu kiunoni. Madirisha yasikaribie pembe za nyumba. Paa liwe jepesi, nalo lifungwe barabara kwenye kuta.

Mwenye nyumba aweza kusema ya kwamba nondo na saruji ni ghali. Ni kweli. Lakini afadhali nyumba ya vyumba viwili iliyofungwa kuliko ya vyumba vinne isiyofungwa, na afadhali kupunguza marembo ya mbele kuliko kuukata mshipi ule. Fundi aambiapo watu kwamba mkanda si lazima, aulizwe kama yeye angelala humo na watoto wake.

Aliye na nyumba iliyokwisha jengwa asikate tamaa. Kabati refu lifungwe ukutani. Vitu vizito visiwekwe juu ya vitanda. Njia ya mlangoni isizibwe kwa magunia wala viti. Shuleni, watoto wafundishwe mapema la kufanya, na zoezi hilo lirudiwe kila muhula.

Nchi itikisikapo, aliye ndani ya nyumba imara ainame chini ya meza, akinge kichwa chake kwa mikono, na kuishika meza mpaka mtikiso uishe. Asikimbilie ngazi. Aliye nje akae nje, mbali na kuta, miti mikubwa na nyaya za umeme. Mtikiso ukiisha, moto wa jikoni uzimwe na mitungi ya gesi ifungwe. Nyumba iliyopasuka vibaya isiingiwe hata kuchukua godoro, kwa sababu mitikiso mingine hufuata, nayo yaweza kuangusha kilichobaki. Maji ya kunywa yachemshwe. Mtu akileta habari kwamba tetemeko kubwa litakuja saa fulani usiku, asisadikiwe. Hapana mtaalamu duniani awezaye kutaja saa wala siku.

Wakazi wa pwani wana neno lao la ziada. Tarehe 26 Desemba 2004 tetemeko kubwa chini ya bahari karibu na Sumatra lilileta mawimbi yaliyovuka Bahari ya Hindi kwa muda wa saa kadhaa. Katika Somalia karibu watu 300 walikufa. Katika Kenya, ambako watu walionywa na kuondolewa ufukweni, alikufa mtu mmoja. Basi bahari ikirudi nyuma ghafula si kwa wakati wa kupwa, mtu asishuke kuokota samaki, bali apande mahali pa juu mara moja.

Kila mtoto ajua methali isemayo kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Wenyeji wa Bonde la Ufa hawawezi kuuziba ufa wao, maana umeanza kabla ya mwanadamu. Lakini ukuta wameachiwa wao. Juma hili kila mkuu wa nyumba na kila mkuu wa shule aizunguke nyumba yake, atazame pembe zake na mipasuko yake, kisha amwite fundi kabla ya kuitwa na msiba.