Mji wa Hildesheim na Mwaridi Wake

Hildesheim ni mji wa kadiri katika Ujerumani ya kaskazini, karibu na Hannover. Tarehe 22 Machi 1945 mabomu yaliuteketeza. Kanisa kuu lilibomoka, na mwaridi wa kale uliotambaa juu ya ukuta wake ukaungua. Lakini mizizi ilisalimika chini ya kifusi, na mwaka ule ule ukachipuka. Milango ya shaba ya Askofu Bernward, iliyosubiwa mwaka 1015, ilikuwa imekwisha kufichwa, ikapona. Sokoni, jumba la mbao la wachinjaji, la mwaka 1529, liliteketea. Wenyeji wakalijenga upya tangu 1987 hata 1989. Basi mgeni afikapo, na auendee kwanza mwaridi, ndipo atazame majengo: hayo yalirudishwa kwa mikono ya watu, bali mwaridi ulirudi wenyewe.