Kabla ya Kusaini, Soma Jina Lililo Kwenye Tezi

Yafuatayo ni mazungumzo yaliyosomwa katika kikao cha umma cha vijana wanaotafuta kazi za melini pamoja na wazazi wao.



Meli kubwa inapopita Likoni kuelekea Kilindini, watu wengi hutazama makasha yaliyopangwa juu yake. Wachache hutazama nyuma, kwenye tezi, mahali palipoandikwa jina la meli na chini yake jina la mji. Mara nyingi mji huo ni Monrovia, Panama au Majuro. Hiyo ndiyo bandari ambako meli imesajiliwa, na sheria ya nchi hiyo ndiyo inayotawala ndani ya meli. Kijana wa Pwani anayepanda kufanya kazi huwa ameingia chini ya sheria hiyo, hata kama jina la nchi yenyewe hajawahi kulisikia.

Mazungumzo ya leo yanahusu Majuro, mji mkuu wa Visiwa vya Marshall, katikati ya Bahari ya Pasifiki. Nchi hiyo ina visiwa vya matumbawe 29 vyenye umbo la pete, na visiwa vingine 5 vilivyo peke yake. Ardhi yake yote ni kama kilomita 181 za mraba, ndogo kuliko Kaunti ya Mombasa. Hesabu ya watu ya mwaka 2021 ilipata wakazi wapatao 42,000. Wote wangeweza kuketi katika uwanja wa Kasarani. Lakini katika usajili wa meli, nchi hii ndogo iko katika tatu za kwanza duniani, pamoja na Liberia na Panama.

Imewezekanaje? Mwaka 1990 bunge lao lilipitisha sheria inayomruhusu mwenye meli wa nchi nyingine kusajili meli yake huko. Mwenye meli akiwa Ugiriki, Ujerumani au Marekani hulipa ada ya usajili na ada ya kila mwaka, naye hupata bendera. Anaweza kuajiri mabaharia wa taifa lolote, mradi wawe na vyeti vinavyotambuliwa. Kazi ya usajili yenyewe hufanywa na kampuni iitwayo International Registries, yenye makao makuu Reston, Virginia, nchini Marekani, na ofisi katika miji ya bandari kama Piraeus, Singapore na Hong Kong. Serikali ya Majuro hupata sehemu ya mapato. Meli nyingi zenye jina la Majuro hazijawahi kutia nanga huko hata siku moja.

Utaratibu huu unaruhusiwa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982 unaipa kila nchi haki ya kuweka masharti ya kutoa bendera yake. Lakini mkataba huo huo unaibebesha nchi mzigo. Lazima kuwe na uhusiano wa kweli kati ya nchi na meli. Nchi inapaswa kukagua usalama wa meli, kusimamia hali ya mabaharia, na kuchunguza ajali kubwa zinapotokea. Chama cha kimataifa cha wafanyakazi wa uchukuzi, ITF, kwa miaka mingi kimelalamika kwamba uhusiano huo wa kweli haupo pale ambapo mwenye meli yuko nchi moja, bendera ni ya nchi ya pili na mabaharia wanatoka nchi ya tatu. Wahenga walisema, nahodha wengi, chombo huenda mrama.

Uzito wa mzigo huo ulionekana tarehe 20 Aprili 2010. Mtambo wa kuchimba mafuta uitwao Deepwater Horizon ulilipuka katika Ghuba ya Mexico na watu 11 wakafa. Ulikuwa umesajiliwa Majuro. Mafuta yalimwagika karibu na pwani ya Marekani, lakini Visiwa vya Marshall, kama nchi ya bendera, navyo vilipaswa kuchunguza na kutoa ripoti, na ripoti hiyo ilitoka mwaka 2011.

Mfano wa pili ni wa meli ya makasha, Maersk Tigris. Tarehe 28 Aprili 2015 Iran iliikamata katika mlango wa bahari wa Hormuz. Chanzo kilikuwa kesi ya mzigo kati ya mfanyabiashara wa Iran na kampuni ya Denmark iliyokuwa imeikodi meli. Bendera ilikuwa ya Marshall, na kwa kuwa Marekani ina mkataba wa kuvilinda visiwa hivyo, manowari ya Marekani ikatumwa karibu. Mabaharia 24 waliokuwa melini hawakuwa na deni na mtu yeyote. Walikaa siku kadhaa wakisubiri wakubwa waelewane, hadi tarehe 7 Mei meli ilipoachiliwa.

Mambo haya hayako mbali na Afrika Mashariki. Mwaka 2012 Tanzania ililazimika kuzifuta meli za mafuta za Iran zilizopewa bendera kupitia sajili ya Zanzibar, kazi iliyofanywa na wakala aliyekuwa Dubai. Mwaka huo huo Tuvalu, nchi nyingine ndogo ya Pasifiki, ilikumbwa na mkasa kama huo. Bendera ikitolewa na wakala wa mbali bila usimamizi wa karibu, serikali huja kujibu mambo isiyoyajua.

Visiwa vya Marshall vina shida nyingine ambayo watu wa Pwani wataielewa upesi. Sehemu kubwa ya nchi iko kama mita mbili tu juu ya usawa wa bahari. Utafiti wa Benki ya Dunia uliotolewa mwaka 2021 ulieleza kwamba bahari ikipanda kwa mita moja, asilimia 40 ya majengo ya Majuro yatakuwa hatarini. Watu hawa pia wana kumbukumbu ya kuhamishwa. Kati ya mwaka 1946 na 1958 Marekani ilifanya huko majaribio 67 ya silaha za nyuklia, na wenyeji wa Bikini waliondolewa katika kisiwa chao.

Moshi wa meli ni sehemu ya kinachopandisha bahari hiyo. Kwa hiyo nchi inayopata riziki kwa meli inaumizwa pia na meli. Mwaka 2015 Tony deBrum, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje, alikwenda mwenyewe London, makao ya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Baharini, IMO, kudai kiwango cha kupunguza moshi wa meli. Mwaka 2021 nchi yake na Visiwa vya Solomon zilipendekeza meli zitozwe dola 100 kwa kila tani ya gesi chafu. Aprili 2025 IMO iliidhinisha mpango hafifu kuliko huo, na mataifa ya Pasifiki, Marshall ikiwemo, hayakuupigia kura ya ndiyo wala ya hapana kwa kuuona dhaifu. Oktoba 2025, kwa kura 57 dhidi ya 49, uamuzi wa mwisho uliahirishwa kwa mwaka mmoja. Rais Hilda Heine, aliyerudi madarakani Januari 2024, anaongoza nchi inayosubiri uamuzi huo kuliko wengi.

Sasa haya yanamsaidia nini kijana aliyeketi hapa? Yanamfundisha kuuliza swali moja kabla ya kusaini: meli hii ni ya bendera gani, na nchi hiyo imekubali kumjibia nini?

Kuna Mkataba wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006. Liberia ilikuwa ya kwanza kuuridhia, Visiwa vya Marshall vikafuata mwaka 2007, na Kenya ikajiunga mwaka 2014. Kwa mkataba huo baharia ana haki zifuatazo.

Kwanza, wakala haruhusiwi kumtoza baharia ada ya kumtafutia kazi. Gharama anazoweza kubeba mwenyewe ni cheti cha afya, kitabu cha baharia na pasipoti. Anayedai maelfu ya shilingi ili "kuweka jina kwenye orodha" anavunja sheria. Mawakala halali wana leseni ya Mamlaka ya Usafiri wa Baharini ya Kenya, KMA. Ulizeni huko kwanza.

Pili, baharia ana haki ya kuusoma mkataba wa ajira na kutafuta ushauri kabla ya kuusaini, na kubaki na nakala yake.

Tatu, mwenye meli lazima awe na bima ya baharia aliyetelekezwa. Mshahara usipolipwa kwa miezi miwili, baharia huhesabiwa kuwa ametelekezwa. Bima hiyo hulipa hadi miezi minne ya mshahara anaodai, pamoja na chakula na nauli ya kurudi nyumbani. Cheti chake hubandikwa mahali mabaharia wanapoweza kukiona. Siku ya kwanza melini, kitafuteni na mpige picha.

Nne, baharia anaweza kulalamika kwa wakaguzi katika bandari yoyote ya nchi iliyoridhia mkataba, bila kuadhibiwa. Mombasa ni mojawapo.

Wazazi nao wana kazi. Kijana anaposafiri, andikeni jina la meli, namba yake ya IMO yenye tarakimu saba, bendera yake na jina la wakala. Meli inaweza kubadilishwa jina na bendera, lakini namba hiyo haibadiliki. Siku simu itakaponyamaza, karatasi hiyo ndiyo mtakayoipeleka KMA, na msaada utajua pa kuanzia.